Kinini na Chuma: Historia Iliyopita Nyumbani Kwetu

Hapa Rwezamenyo, ukiingia duka la dawa ukataka kidonge chochote, cha kichwa, cha tumbo au cha minyoo, unaomba "ikinini". Kwetu Bukavu ni vilevile: kidonge ni kinini. Tunalisema neno hili kila siku bila kujiuliza limetoka wapi. Ukilisikiliza vizuri ni jina la dawa moja tu, ile chungu ya malaria ambayo Watanzania na Wakenya wanaiandika kwinini. Wazee wetu waliizoea dawa hiyo mpaka jina lake likawa jina la vidonge vyote.

Mimi nafanya kazi na vijana, wakimbizi na wenyeji pamoja, katika mtaa huu ambao Kiswahili kimekaa tangu wakati wa ukoloni. Jumamosi tunasoma na kujadili. Siku tuliyosoma habari za damu, binti mmoja wa miaka 15 aliuliza hivi: "Kama chuma njo damu, na malaria inakula damu, kwa nini wasiwape watoto wote chuma, tumalize?" Nilimwambia nitamletea jibu kwa maandishi. Jibu lenyewe ni refu, lina miti, vita, na watoto wa Pemba. Ndilo hili.

Tuanze na mti. Kinini hutoka kwenye gamba la mti uitwao kenkina, ambao asili yake ni milima ya Andes, huko Peru, Bolivia na Ekuado. Wazungu walilifahamu gamba hilo katika karne ya 17, na mapadri Wajesuti ndio waliolisambaza Ulaya. Kwa miaka mingi watu walisaga gamba, wakachanganya na divai, wakanywa bila kujua ndani yake kuna nini. Mwaka 1820, Paris, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kukitoa kitu chenyewe kinachofanya kazi. Ni alkaloidi, yaani katika ule ukoo wa vitu vichungu ambavyo mimea huvitengeneza. Kafeini ya kahawa na nikotini ya tumbaku ni ndugu zake.

Baada ya hapo kila dola yenye makoloni ilitaka mti huo. Bila kinini askari na maofisa wao walikuwa wanakufa kwa homa. Hapa kuna jina ninalotaka vijana wetu walijue: Manuel Incra Mamani. Alikuwa mzaliwa wa Bolivia, akifanya kazi kwa mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger. Mamani ndiye aliyejua mti upi ni bora. Alikusanya mbegu, na mwaka 1865 akamfikishia Ledger. Serikali ya Uingereza ilizikataa. Waholanzi wakanunua kiasi cha nusu kilo hivi, wakazipanda Java. Kutoka kwenye mbegu hizo yalitoka mashamba yaliyokuja kutoa sehemu kubwa kabisa ya kinini cha dunia nzima. Mti ule ukapewa jina la Ledger: *Cinchona ledgeriana*. Mamani alipotumwa tena kutafuta mbegu alikamatwa, akatiwa ndani, akapigwa, na akafa muda mfupi baada ya kuachiliwa. Mti hauna jina lake.

Afrika Mashariki mti huu ulifika pamoja na Wajerumani. Mwaka 1902 walianzisha kituo cha utafiti wa mimea pale Amani, kwenye milima ya Usambara, wakapanda kenkina kati ya mimea mingine mingi. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Waingereza walifunga bahari, dawa zikawa haziingii. Wataalamu wa Amani walichemsha magamba ya miti yao wakapata kinini kwa ajili ya jeshi la jenerali Lettow-Vorbeck. Kulikuwa na dawa ya maji, chungu hasa, ambayo askari waliipa jina la utani "Lettow-Schnaps", yaani pombe ya Lettow. Katika vita hivyo hivyo wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, pande zote mbili, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi na njaa.

Kwetu Kivu, Wabelgiji walipanda kenkina miaka ya 1930, kwenye milima yenye mvua na baridi ya kutosha. Kisha mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Java. Kwa siku chache tu upande mmoja wa vita ulipoteza karibu kinini chake chote, na mashamba madogo ya Kivu yakawa ghafla mali ya thamani. Bukavu, ambayo wakati huo iliitwa Costermansville, ikawa mji wa kinini. Kampuni ambayo leo kila mtu wa Bukavu anaijua kwa jina la Pharmakina ilikuwa kwa miaka mingi chini ya Wajerumani wa Boehringer Mannheim. Roche walipoinunua Boehringer mwishoni mwa miaka ya 1990, viongozi wawili wa pale Bukavu, Horst Gebbers na Etienne Erny, waliichukua kiwanda mwaka 1999, katikati ya vita. Kikaendelea kutoa kinini wakati ambapo karibu kila kitu kingine kilikuwa kimefungwa.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi ya kumenya magamba katika mashamba ya kenkina. Mti unakatwa, gamba linapigwapigwa kwa fimbo mpaka liachie, linabanduliwa, linaanikwa. Mama anasema babu akirudi jioni, hata akinawa mara tatu, ugali aliomega yeye ulikuwa unamchungua mtoto mdomoni. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia historia ya dawa ni mambo ya Wazungu wenye makoti meupe. Nusu yake ni mambo ya watu wenye mikono michungu.

Sasa tuingie ndani ya damu, maana swali la yule binti liko huko.

Mwaka 1880, huko Constantine nchini Aljeria, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alikuwa anaangalia damu ya wagonjwa wa malaria kwa hadubini. Madaktari kabla yake walikuwa wameshaona vidoa vyeusi katika damu na viungo vya watu waliokufa kwa homa hiyo. Laveran aliona vidoa hivyo vimo ndani ya kitu kilicho hai, kinachojongea. Alikuwa amekiona kimelea cha malaria. Mwaka 1907 akapewa tuzo ya Nobel.

Vile vidoa vyeusi ni nini? Ni chuma. Kimelea kikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu kinakula hemoglobini, ile protini inayobeba hewa na kuifanya damu iwe nyekundu. Katika hemoglobini kuna sehemu iliyoshika chuma, inaitwa hemu. Kimelea kinataka protini, lakini hemu ikibaki huru ni sumu kwake. Basi kinaifunga, kinaigeuza kuwa vipande vigumu vyeusi visivyodhuru. Ni kama mtu anayekula samaki akiweka mifupa pembeni ya sahani ili isimkwame kooni.

Na kinini? Maelezo ambayo wanasayansi wengi wanayakubali ni kwamba kinini, na pia klorokwini iliyotengenezwa maabara Ujerumani mwaka 1934, huingilia kazi hiyo ya kufunga sumu. Hemu inabaki huru, inamrudia mlaji mwenyewe. Kwa hiyo dawa ile chungu ya Andes, ambayo babu yangu aliimenya bila kuambiwa lolote, inakiua kimelea kwa kutumia chuma cha damu yetu wenyewe.

Hapo ndipo hadithi inapogeuka. Maana chuma kinachomuua kimelea kikimzidi ndicho hicho hicho ambacho kimelea, na bakteria wengi pia, wanakihitaji ili wakue na kuzaana. Mwili wetu unalijua hilo. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma mwilini, uzito wa msumari mdogo, na mwili hauna mlango wa kukitolea kikizidi. Kwa siku tunapoteza miligramu 1 au 2 tu. Ndiyo sababu watoto wenye selimundu wanaoongezewa damu mara nyingi hulimbikiza chuma kwenye ini na moyo, kwa kuwa kila chupa ya damu inaleta miligramu 200 au zaidi. Na ukishikwa na homa, mwili wenyewe huficha chuma: unakitoa kwenye mzunguko wa damu na kukifungia ghalani, ili mgeni asile.

Madaktari walianza kuliona jambo hili mapema. Mwaka 1978 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha utafiti wa familia ya akina Murray kati ya wafugaji wahamaji wa Kisomali. Walichukua watu 137 waliopungukiwa chuma. Wengine walipewa chuma, wengine walipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kwa mwezi mmoja, waliopewa vidonge vitupu walipata maambukizi mara 7. Waliopewa chuma, mara 36: malaria, kifua kikuu kilichokuwa kimelala kikaamka, na mengine. Watafiti walisema upungufu wa chuma kwa watu wale huenda ulikuwa sehemu ya kinga yao. Wengi hawakutilia maanani. Upungufu wa damu ulikuwa tatizo kubwa, na chuma ni rahisi.

Ndipo tunafika Pemba.

Pemba ni kisiwa cha karafuu, na wakati ule kilikuwa pia kisiwa cha malaria, mwaka mzima. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Sunil Sazawal na Robert Black wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Chake Chake, walianza kazi kubwa. Watoto 24,076, wa kuanzia mwezi 1 hadi miezi 35, waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa kila siku chuma na asidi ya foliki, wengine hivyo pamoja na zinki, wengine vidonge visivyo na dawa. Kiasi cha chuma kilikuwa kile kile ambacho Shirika la Afya Duniani lilikuwa linakipendekeza: miligramu 12.5 kwa siku, na nusu yake kwa walio chini ya mwaka. Lilikuwa ni lile swali la binti wetu, likiulizwa kwa kisiwa kizima.

Utafiti mzuri huwa na kamati ya watu wa nje wanaofungua hesabu kabla ya mwisho, kuangalia kama kuna madhara. Agosti 2003 kamati hiyo ilisimamisha utoaji wa chuma. Watoto waliokuwa wanapewa chuma na foliki walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali kuliko wale waliopewa vidonge vitupu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet Januari 2006. Katika jarida hilo hilo kulikuwa na utafiti wa aina hiyo hiyo kutoka kusini mwa Nepali, ambako karibu hakuna malaria. Huko chuma hakikuua mtu. Dawa ileile, kiasi kilekile. Tofauti ilikuwa mbu na kimelea chake.

Lakini msomaji asikimbilie kusema chuma ni sumu. Ndani ya utafiti wa Pemba kulikuwa na kikundi kidogo ambacho watoto wake walipimwa damu na kutibiwa malaria vizuri. Katika kikundi hicho, watoto ambao kweli walipungukiwa chuma walifaidika nacho. Mwaka 2012 utafiti wa Muheza, Tanzania, uliofuata watoto 785 tangu kuzaliwa, ulionyesha upande wa pili: watoto waliopungukiwa chuma walipata malaria kali kwa nadra zaidi kuliko wenzao. Wilaya ya Muheza ndiko iliko Amani ile ya Wajerumani. Kwenye mlima walipanda gamba. Chini ya mlima, miaka mia baadaye, wakahesabu chuma.

Na kuna watu waliojaribu kuviunganisha vitu hivi viwili waziwazi. Walisema: kama chuma kinamsaidia kimelea, tumpe mtoto mgonjwa kinini, na juu yake dawa ya kunyonya chuma kutoka mwilini, ile wanayopewa wagonjwa wa kulimbikiza chuma. Ilijaribiwa Zambia kwa watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo. Mwaka 1992 matokeo ya watoto 83 yalitoka, na yalitia moyo: waliopata zote mbili walizinduka haraka zaidi kuliko waliopata kinini na maji matupu. Wakarudia kwa watoto zaidi ya 300, wakachapisha mwaka 1998. Safari hii vifo havikupungua. Vilikuwa vingi zaidi upande wa dawa mpya. Wazo lilikuwa zuri, lina mantiki, na halikuokoa watoto. Nawaambia vijana wangu wakumbuke hilo kila mtu anapowauzia dawa kwa maelezo matamu. Utamu wa maelezo haupimi dawa. Kinachopima ni hesabu ya watoto waliopona na waliokufa.

Hata kinini chenyewe kilikuja kupimwa hivyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha kinini na atesuneti, dawa inayotokana na mmea wa Kichina, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika. Rwanda ilikuwamo. Kongo ilikuwamo. Waliotibiwa kwa kinini walikufa asilimia 10.9, kwa atesuneti, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake, na kinini kikaacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria kali. Baada ya karibu miaka mia nne, mti wa Mamani ukakaa benchi. Kwa watu wa Bukavu, ambako mishahara ya familia nyingi ilitoka kwenye gamba lile, hiyo haikuwa habari ya sayansi peke yake.

Kwa nini nawachosha na haya yote? Kwa sababu ya kitu ninachokiona mtaani kila wiki. Mtoto amechoka, amepauka, anachemka kidogo usiku. Jirani anasema: "Huyu mutoto hana damu, mumupatie siro." Na mama, ambaye yuko mbali na ndugu zake, anayehesabu kila faranga, ananunua siro ya kuongeza damu dukani bila mtoto kupimwa. Anafanya hivyo kwa upendo. Lakini watoto wa Pemba wametuonyesha kwamba pale kwenye malaria, mpangilio una maana: kipimo kwanza, homa itibiwe, kisha chuma kwa ushauri wa mhudumu. Hapa kwetu kipimo hakiko mbali. Kituo cha afya kipo, na abajyanama b'ubuzima wa mtaa wanachoma kidole na kukupa jibu la malaria muda si mrefu.

Kuna hatari ya upande wa pili pia, nayo naiogopa sawasawa. Habari hizi zikisimuliwa nusu, zinageuka uvumi: "chuma kinaua, wakimbizi tunajaribiwa." Mama mjamzito akisikia hivyo anatupa vidonge vyake. Kwa hiyo semeni na hili. Mwaka 2015 utafiti wa wanawake wajawazito 470 magharibi mwa Kenya, sehemu yenye malaria nyingi, ulichapishwa. Chuma hakikuwaongezea malaria, na watoto wao walizaliwa na uzito zaidi, kama gramu 150. Mama mjamzito aliyepewa vidonge kliniki avimeze. Na chuma cha chakula, dodo, sombe, dagaa, yale maharage yenye chuma zaidi yanayolimwa hapa Rwanda, hakuna aliyekikataza.

Sisi wakimbizi tunaogopa kuhesabiwa, na tuna sababu. Tumeandikwa kwenye orodha nyingi ambazo hatukuona zimeishia wapi. Ndiyo maana kitu kilichonishika zaidi katika historia hii ni ile kamati ya Agosti 2003. Majina ya watoto wa Pemba hatuyajui, kama vile mti haukupewa jina la Mamani, kama vile hakuna aliyeandika jina la babu yangu kwenye chupa ya kinini. Lakini mara hii mtu alifungua hesabu, akaona watoto wanaumia, akasema simamisheni, na matokeo yakaandikwa yakasomwa na kila mtu, hata na mimi hapa Rwezamenyo niliyeishia sekondari. Ushauri wa dunia nzima ukabadilika. Leo Shirika la Afya Duniani linasema pale penye malaria, chuma cha watoto kiende pamoja na kinga, vipimo na tiba ya malaria.

Basi binti, jibu la swali lako ni hili: walijaribu. Waliuliza kama ulivyouliza wewe, na watoto wa Kiswahili wa kisiwa cha karafuu ndio waliolijibu kwa miili yao. Ukimwona jirani anashika chupa ya siro kwa mtoto mwenye homa, mwambie kwa heshima, "Mama, tukamupimishe kwanza." Na akikuuliza umejuaje, mwelezee habari za Pemba.